James Dunsmuir: mwenye mgodi aliyeshika kalamu ya serikali

Aprili 1907, mjini Victoria, jimbo la British Columbia huko Canada, Luteni Gavana, mwakilishi wa Mfalme katika jimbo, aliletewa muswada uliokwisha kupitishwa na Bunge la jimbo. Uliwataka wahamiaji wapya wafaulu mtihani wa kusoma na kuandika lugha ya Ulaya kabla ya kuruhusiwa kuingia, na kila mtu alijua mtihani ule umetungwa kwa ajili ya nani: Wajapani, Wachina na Wahindi. Ilibaki sahihi moja tu muswada uwe sheria. Luteni Gavana hakutia sahihi. Aliuweka kando ili serikali ya shirikisho kule Ottawa iamue, kama Katiba ilivyomruhusu.

Kisheria, uamuzi ule haukuwa na doa. Uingereza ilikuwa na mkataba na Japani, Canada ilikuwa imeuridhia mapema mwaka ule ule, na sheria za aina hii kutoka jimbo lile zilikuwa zimefutwa na Ottawa mara kadhaa. Kwangu mimi ulikuwa uamuzi wa haki pia, maana muswada wenyewe ulikuwa ubaguzi mtupu. Shida ni aliyeufanya. Huyu alikuwa James Dunsmuir, tajiri mkubwa wa makaa ya mawe, na wakati huo huo kampuni yake ilikuwa na mkataba wa kuletewa vibarua wa Kijapani hadi 500.

Tunapozungumzia mgongano wa maslahi, mara nyingi tunafikiria wizi: zabuni kwa shemeji, kiwanja cha umma kwa bei ya kutupa. Dunsmuir hakuwa na haja ya kuiba. Kisa chake kinaonyesha jambo ambalo naliona zito zaidi, kwamba mtu aliye pande zote mbili za meza huchafua hata uamuzi ulio sahihi, na wanaolipia ni watu ambao hawakuitwa mezani kabisa.

Baba yake, Robert Dunsmuir, alikuwa mchimba makaa kutoka Ayrshire, Scotland, aliyeajiriwa na kampuni ya biashara ya Hudson's Bay Company kwenda kuchimba katika kisiwa cha Vancouver. James alizaliwa safarini, Fort Vancouver, Julai 1851. Mwaka 1869 baba aligundua tabaka nene la makaa mahali palipokuja kuitwa Wellington, karibu na Nanaimo, na kuanzia hapo familia ikapanda haraka. Mteja mkubwa alikuwa San Francisco. James alijifunza ufundi wa mashine, akasoma Ontario na Virginia, akaoa mwanamke wa North Carolina, kisha akarudi kusimamia migodi, huku mdogo wake Alexander akiuza makaa California. Namtaja hivi kwa sababu hakuwa mtoto wa tajiri asiyejua shimo linafananaje. Alilijua.

Lakini utajiri wenyewe haukutoka kwenye makaa peke yake. Robert aliingia Bunge la jimbo mwaka 1882, na muda si mrefu baadaye akapata mkataba wa kujenga reli ya kutoka Esquimalt hadi Nanaimo. Malipo yake yalikuwa dola 750,000 na ardhi ipatayo ekari milioni 2, pamoja na makaa yaliyokuwa chini yake. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya watu wa Coast Salish, wenyeji wa asili wa pwani ile, na haikuwa imewahi kukabidhiwa kwa mkataba wowote. Waziri Mkuu wa Canada, John A. Macdonald, alikuja mwenyewe Agosti 1886 kupigilia msumari wa mwisho wa reli. Kwa hiyo James alirithi mazoea pamoja na migodi: katika nyumba ile, kiti cha Bunge na shimo la makaa vilikuwa mali ya ukoo mmoja.

Robert alifariki 1889 na kumwachia mkewe Joan kila kitu. James na Alexander walihangaika takriban miaka kumi kuyapata mamlaka ya kampuni. Alexander alipofariki mwanzoni mwa 1900 na kumwachia James sehemu yake, mama alimshtaki mwanawe juu ya wosia ule, na kesi ikaenda hadi London, ambako James alishinda mwaka 1906.

Kesi nyingine iliyofika London ndiyo inayohusu jambo letu. Mwaka 1887 mlipuko uliua watu wapatao 150 Nanaimo katika mgodi wa kampuni nyingine, na Januari 1888 mwingine ukaua 77 katika mgodi wa akina Dunsmuir kule Wellington. Wachimbaji weupe waliwalaumu Wachina, wakisema hawasomi maonyo yaliyobandikwa shimoni. Bunge la jimbo likarekebisha sheria ya migodi mwaka 1890 na kuwapiga Wachina marufuku kufanya kazi chini ya ardhi. Akina Dunsmuir hawakukubali kuwaachia. Mchina alilipwa takriban nusu ya ujira wa mchimbaji mweupe, au chini ya hapo, na katika migodi yao ya Union, sehemu za Cumberland, waliendelea kuwatumia.

Ndipo mwenye hisa mmoja aliposhtaki kampuni ya Union kwa kuvunja sheria hiyo. Jina lake John Bryden. Alikuwa mbunge, na alikuwa mume wa dada yake James. Shemeji alishtaki kampuni ya ukoo, kampuni ikakata rufaa, na mwaka 1899 Baraza la Kifalme kule London, mahakama ile ile iliyokuja kusikiliza rufaa za mwisho kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika enzi za ukoloni, likaamua kwamba jimbo halina mamlaka juu ya wageni wala uraia. Hayo ni ya shirikisho. Marufuku ikafa. Wanasheria wa Canada wanaisoma hukumu hiyo mpaka leo kama nguzo ya mgawanyo wa madaraka. Mimi nikiisoma naiona pia kama hesabu ya mishahara.

Na kampuni hiyo hiyo iliingia vitabuni kwa njia nyingine. Agosti 1898 daraja la reli yake juu ya mto Trent liliporomoka chini ya treni ya makaa, na watu kadhaa waliokuwa ndani wakafa. Kampuni ilitiwa hatiani kwa jinai ya uzembe, ikatozwa faini ya dola 5,000, na mwaka 1900 Mahakama ya Juu ya Canada ikathibitisha kwamba kampuni, ingawa haina mwili wa kufungwa jela, inaweza kuwa mhalifu. Mwaka huo huo, mwenye kampuni akawa mkuu wa serikali ya jimbo.

Alifikaje hapo? Kwa kusukumwa, na hili lazima lisemwe kwa haki yake. Dunsmuir hakupenda siasa. Alikuwa mtu mkimya, hakuwa msemaji jukwaani, na furaha yake ilikuwa uvuvi na mashua. Lakini siasa za British Columbia mwaka 1900 zilikuwa zimevurugika: hakukuwa na vyama, Luteni Gavana wa wakati huo alikuwa amemfukuza waziri mkuu mmoja wa jimbo na kumweka Joseph Martin ambaye Bunge lilimkataa karibu kwa kauli moja. Uchaguzi wa Juni ukamwangusha Martin. Wabunge waliobaki walitafuta mtu asiye na maadui wengi bungeni na mwenye uzito mfukoni. Dunsmuir, ambaye alikuwa mbunge tangu 1898, akakubali. Aliapishwa tarehe 15 Juni 1900.

Katika kampeni hiyo, akiwa anagombea South Nanaimo penye kura nyingi za wachimbaji, aliahidi kuwaondoa Wachina katika migodi yake. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu kampuni yake ishinde London haki ya kuwaajiri. Na Bunge lililokaa chini ya serikali yake kiangazi kile kile lilipitisha sheria ya mtihani wa lugha kwa wahamiaji, ya aina ile ile aliyokuja kuizuia kwa kalamu yake miaka saba baadaye. Ottawa iliifuta. Ukiziweka kando kando tarehe hizi tatu, 1899, 1900 na 1907, huoni msimamo wa mtu kuhusu wahamiaji. Unaona mahitaji ya vibarua yakipanda na kushuka.

Tuingie shimoni kidogo, maana huko ndiko siasa yake ilikokuwa na uzito wa kweli. Mchimbaji alilipwa kwa tani. Alipokijaza kigari chake alikitundikia kibati chenye namba yake, ili huko juu kwenye mizani ijulikane kazi ni ya nani, na mawe yaliyochanganyika na makaa yakatwe kwenye malipo yake. Namba ilikuwa riziki. Kwa Mchina namba ilikuwa zaidi ya hapo: katika kumbukumbu za migodi ya kisiwa kile Wachina wengi waliandikwa kwa namba tu, na walipokufa waliorodheshwa hivyo hivyo, bila jina ambalo mama angeweza kulililia. Hawakuwa na kura pia. Wachina, Wajapani na wenyeji wa asili walinyimwa kura katika jimbo lile, kwa hiyo mbunge wao hakuwa na sababu ya kuwaogopa.

Ijumaa ya tarehe 15 Februari 1901, shimo namba 6 la Cumberland lililipuka. Walikufa watu 64, zaidi ya nusu yao Wachina na Wajapani. Septemba ya mwaka huo huo moto ukawaka katika mgodi wa Extension, na watu 17 wakafa. Migodi yote miwili ilikuwa ya Waziri Mkuu wa jimbo.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji waende polepole. Aliyepaswa kukagua gesi na hewa katika mashimo yale alikuwa mkaguzi wa migodi wa serikali. Mkaguzi aliripoti kwa Waziri wa Madini. Waziri wa Madini Februari ile alikuwa Richard McBride, kijana aliyekaa katika baraza la mawaziri kwa kuteuliwa na Dunsmuir. Sijawahi kuona ushahidi kwamba Dunsmuir alimwita McBride na kumwambia afumbe macho, na sisemi alifanya hivyo. Hakuhitaji. Mkaguzi anayejua kwamba barua yake ya kufunga shimo itapanda ngazi mpaka kwa mwenye shimo huanza kupima maneno kabla hajashika kalamu. Wahenga walisema kesi ya nyani hakimu ngedere. Hapa nyani mwenyewe ndiye aliyemwajiri hakimu.

Mwaka 1902 mbunge Smith Curtis alidai kwamba Dunsmuir angefaidika kwa mpango wa serikali yake na wajenzi wa reli Mackenzie na Mann, ambao walikuwa wakizungumza naye kununua reli ya familia. Tume iliundwa, ikachunguza, ikamsafisha. Nakubali matokeo hayo. Lakini angalia swali lililoulizwa: je, alipokea kitu? Hakuna aliyeuliza kama inafaa mtu mmoja awe muuzaji wa reli na mtoaji wa ruzuku za reli. Novemba 1902 alijiuzulu, bila shaka kwa nafuu kubwa moyoni, na nafasi ikachukuliwa na Edward Prior, ambaye aliondolewa mwaka uliofuata baada ya kampuni yake mwenyewe kupewa zabuni ya serikali. Kwa hiyo tusimfanye Dunsmuir kituko cha peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa hewa ya jimbo zima.

Kama kuna mahali panapoonyesha alivyoyaona madaraka, ni Ladysmith. Mgodi wa Extension ulipofunguliwa, Dunsmuir alitaka wachimbaji wake wasiishi penye mgodi, bali pwani penye gati alilopakilia makaa, zaidi ya kilomita 15 kutoka kazini. Habari za majeshi ya Uingereza kuukomboa mji wa Ladysmith huko Natal, Afrika Kusini, zilipofika mapema 1900, mji wake mpya akaupa jina hilo, na mitaa ikapewa majina ya majenerali wa vita ile: Roberts, Kitchener, Buller, Baden-Powell. (Na ile sheria ya mtihani wa lugha nayo ilijulikana kama sheria ya Natal, kwa kuwa ilibuniwa koloni hilo hilo mwaka 1897 kuwazuia Wahindi. Mji na muswada vilikopwa mahali pamoja.)

Familia zilizokuwa zimeshajenga zililazimika kuhama. Nyumba za mbao zilibomolewa, zikapakiwa kwenye mabehewa, zikasafirishwa kwa reli ya tajiri na kusimamishwa upya kwenye mteremko wa Ladysmith. Hebu mwone mama wa nyumba: jana jiko lake lilikuwa bonde lile, leo kuta za jiko hilo hilo zimelala ubavu juu ya behewa, na mumewe sasa atapanda treni alfajiri kwenda kazini na kurudi nayo usiku. Haikupita sheria yoyote. Hakuna aliyepiga kura. Ilitosha mwajiri kusema kwamba asiyehama hana kazi.

Machi 1903 wachimbaji wa Ladysmith walijiunga na chama cha wafanyakazi cha Marekani, Western Federation of Miners. Dunsmuir alifunga mgodi. Tume ya Kifalme ilipokuja, ikiwa na katibu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Canada, William Lyon Mackenzie King, Dunsmuir alitoa ushahidi bila kuficha: hataki chama chochote cha wafanyakazi, cha nje wala cha ndani, kwa sababu anataka kuendesha mali yake mwenyewe. Ninauheshimu ukweli wake. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka kuongoza serikali miezi michache tu kabla, na maneno yale hayaachi nafasi ya mtu wa tatu kati ya bwana na kibarua, iwe chama au serikali. Kufikia Julai wanaume walirudi kazini bila chama. Aliyesimama upande wao bungeni alikuwa msoshalisti J. H. Hawthornthwaite wa Nanaimo, ambaye aliisukuma sheria ya kazi isiyozidi saa nane kwa siku kwa wachimba makaa. Kusema kweli, huyo naye anastahili kuandikiwa kisa chake.

Mwaka 1905 Dunsmuir aliiuza reli kwa kampuni ya reli ya Canadian Pacific. Mei 1906 serikali ya shirikisho ikamteua Luteni Gavana. Walidhani, nadhani, kwamba cheo cha heshima hakina madhara: karamu, bendera, kufungua Bunge. Migodi aliendelea nayo.

Basi tukarudi kwenye muswada wa Aprili 1907. Umma wa British Columbia haukuwa bado umeuona mkataba wa kampuni yake na wakala wa vibarua wa Kijapani, lakini ulimjua mtu wake. Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 1907 maelfu waliandamana Vancouver chini ya jumuiya iliyodai Waasia wazuiwe. Mbele ya ukumbi wa jiji walichoma sanamu ya Dunsmuir. Kisha umati ukaingia mtaa wa Wachina ukivunja vioo, ukasogea mtaa wa Powell walikokuwa Wajapani, ambao walijitetea kwa mawe, fimbo na chupa.

Serikali ya shirikisho ilimtuma King kukadiria hasara. Wajapani walilipwa takriban dola 9,000, Wachina zaidi ya dola 25,000. Na uchunguzi wake ndio ulioutoa hadharani mkataba wa wale vibarua 500.

Fikiria maana yake kwa muuza duka wa Powell aliyekuwa akiokota vioo. Kwa miezi kadhaa watetezi wake wachache waliweza kusema: muswada umezuiwa kwa sababu ni kinyume cha mkataba wa kimataifa, kwa sababu Ottawa imekwisha kuikataa sheria hii, kwa sababu watu hawa nao ni watu. Hoja zote hizo zilikuwa za kweli. Siku mkataba ulipofichuka hazikuwa na thamani tena, maana wabaguzi walipewa bure hadithi nzuri kuliko zote: tajiri alizuia sheria ili apate vibarua wa bei rahisi. Na haikuwa uongo mtupu, ndiyo maana haikujibika. Laiti muswada ule ule ungezuiwa na mtu asiye na mgodi, wenye chuki wangebaki na chuki yao peke yake.

Alichopaswa kufanya hakikuwa kigumu. Angekataa uteuzi wa 1906, au auze migodi kwanza. Hata kama angeutangaza mkataba siku ile ile alipouweka muswada kando, angalau watu wangejadili jambo lililo wazi. Hakufanya hata moja, na ninaamini hakuona haja. Ndiyo malezi ya nyumba niliyoieleza.

Mwanzoni mwa 1908 wasoshalisti walileta bungeni hoja ya kumshtaki. Iliangushwa. Waziri mkuu wa jimbo wakati huo alikuwa Richard McBride, yule yule waziri wake wa madini wa mwaka 1901. Dunsmuir aliendelea na kujenga Hatley Park, jumba la mawe nje ya Victoria ambalo leo limo ndani ya eneo la chuo kikuu cha Royal Roads.

Tarehe 5 Oktoba 1909 mgodi wa Extension ulilipuka, wakafa watu 32. Kwa desturi ya jimbo, ripoti ya kila mwaka ya Waziri wa Madini, yenye orodha ya ajali na waliokufa, iliandikwa kwa kuelekezwa kwa Luteni Gavana, kwa maneno ya unyenyekevu, ikiomba impendeze kuipokea. Ripoti za miaka yake ziliwasilishwa hivyo kwa mheshimiwa ambaye ndiye mwenye mashimo. Ile ya mwaka wa mlipuko ilipochapwa, alikuwa amekwisha kuacha cheo, Desemba 1909, na mwaka 1910 akaiuza migodi yote kwa Mackenzie na Mann, wale wa uchunguzi wa 1902, kwa dola milioni 11. Wanunuzi waliliacha jina lake ndani ya jina la kampuni.